Kioo cha Shemeji Owori

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Siku imeanza vizuri kuliko nilivyostahili. Gari la shemeji Owori, jipu, liko uani kwangu hapa Busia, upande wa Uganda, siku ya nne sasa. Jipya! Lina kamera nyuma ya kioo cha mbele, inatazama barabara pamoja na dereva, na ikiona hatari gari hufunga breki lenyewe. Mvua ikinyesha waipa zinaanza zenyewe bila kuombwa.

Owori ni mume wa dada yangu Benedeta. Yeye amepeleka lori la mahindi Juba. Dada ni mwalimu mkuu, yuko Kampala anasahihisha mitihani. Ufunguo nimeachiwa mimi, Mangeni. Owori alisema akirudi Jumamosi akalikuta gari halina hata alama, basi kazi ya udereva ni yangu, ya kudumu. Gari ni la Owori lakini sheria ni za Benedeta. Mwaka jana alimnyang'anya ufunguo wa gari la zamani mwezi mzima kwa mkwaruzo wa ukucha.

Miaka mitatu sina kazi ya kueleweka. Mke wangu Babra amesema amechoka kuolewa na mipango. Na hii nikiikosa inakwenda kwa Ochwo, binamu yake Owori, mtu wa pikipiki na mdomo. Naitaka kazi hii.

Basi leo nimekisugua kioo cha mbele kikang'aa kama maji, ili Ochwo akipita aone. Kasoro moja tu, stika ya parokia. Owori aliibandika siku ya kuondoka, chini upande wa abiria, imepinda kabisa. Tajiri mzima, stika inamshinda!

Nikaingia ndani kunywa chai. Kishindo!

Babra alikuwa uani. Anasema beberu wangu alipanda boneti, akamwona beberu mwenzake ndani ya kioo, akainamisha kichwa, akarudi nyuma kidogo, akampiga. Nimemuuliza kwa nini hakumzuia. Amesema alidhani ni mmojawapo wa mipango yangu.

Ufa ulikuwa mfupi, urefu wa kalamu. Si neno. Kioo kilikuwa cha moto kwa jua, nami nikakimwagia ndoo ya maji baridi ya kisima nipate kuuona vizuri. Kraa! Ufa umekimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nimelifunika gari turubai. Nimejifunika na mimi.

Jumanne, 2 Desemba

Nimejaribu dawa ya meno kwenye ufa. Sasa nina ufa mweupe unaonukia.

Ochwo kapita, kaona turubai, kauliza. Nikamwambia nakinga vumbi. Akasema jipu hununuliwa kwa ajili ya vumbi. Nikamwambia ndiyo maana yeye hajapewa ufunguo. Ameondoka lakini shingo aliigeuza mara tatu.

Mchana nimevuka upande wa Kenya. Kule Busia yao kuna uwanja wa magari yaliyokufa, na Mungu si Ochwo, nimekuta jipu lilelile, limegongwa nyuma, kioo cha mbele kizima! Nimemuuza mtamba wangu nikakilipia, kesho nikichukue. Babra nimemwambia mtamba nimempeleka kwa kaka kijijini Masinya, kule nyasi ni nzuri. Amenitazama kidogo. Amerudi kwenye ufuta wake.

Jumatano, 3 Desemba

Njia ya geti la mpaka ina fomu na maswali, na mimi maswali hunitoa jasho. Mpango wangu ulikuwa hivi: kioo kilazwe juu ya godoro kwenye mkokoteni, kifunikwe blanketi, tupite njia ya mguu. Wabebaji wawili nikawaonya waende polepole, wasikiyumbishe.

Sikufikiria jambo moja. Kwetu, kitu kirefu chini ya blanketi na wanaume watatu wanatembea polepole bila kuongea, huo ni msiba.

Wa kwanza alikuwa mzee wa baiskeli. Kashuka, kavua kofia, kaanza kutufuata. Halafu wanawake wawili wakaacha jembe shambani wakaja wanalia. Kulia kwenyewe kulia! Kufika mtoni tulikuwa kama ishirini. Mama mmoja akanishika mkono akauliza ni nani huyo amelala. Nikababaika. Nikasema Ochwo. Ndilo jina lililokuja, na moyo ukishaamua mdomo hufuata tu.

Askari aliyekuwa kivukoni alisimama wima. Akasimamisha pikipiki zote tupite. Kioo cha shemeji kimeingia Uganda kwa heshima ambayo mimi sitaipata hata siku yangu.

Kazi ilikuwa kuwaachisha waombolezaji. Nimewaambia maziko ni Tororo. Si uongo, kioo kinakwenda Tororo kesho. Hapa Busia siwezi kumpa fundi yeyote, wote wanakunywa chai na Ochwo.

Alhamisi, 4 Desemba

Kabla sijanawa uso, Ochwo huyu hapa, macho mekundu. Amekuta wanawake kumi mlangoni kwake na kuni, mjomba wake amefika na suti nyeusi, na kuna sukari kilo saba mezani. Akafoka: "Nani nasema mimi nakufa? Mimi niko hapa, nakula, nakunywa!" Nikampa pole. Nikamwambia ni wachache wanaojua wakiwa hai nani atakuja na nani hatakuja. Hapo akaanza kuhesabu nani hakuja. Amerudi kwake kupokea wageni. Turubai hakuliuliza!

Nimeendesha hadi Tororo nikichungulia juu ya ufa, kioo kipya kimelala nyuma kwenye godoro. Fundi wa vioo anaitwa Obore, mtu taratibu, anapima kwanza ndiyo anasalimia. Amekata gundi ya zamani kwa waya, kioo kikatoka. Nikamwomba aibandue ile stika ya parokia niihamishe. Ikachanika vipande.

Obore akaniita nione. Chini ya stika kulikuwa na kitobo, kama kilichopigwa na jiwe, na ndani yake vumbi jekundu la siku nyingi. Akasema ufa umeanzia hapo, beberu hana hatia kubwa. Nikamwambia aachane na upelelezi, kazi yake ni vioo. Mafundi wa siku hizi wanataka kujua kila kitu!

Kioo kipya kimekaa vizuri ajabu. Lakini Obore akaleta masharti. Gundi ikauke kwa saa kadhaa, vioo vya milango viachwe wazi kidogo, milango isifungwe kwa nguvu. Na kamera, akasema, imehama kidogo mahali pake, sasa inaona makengeza. Ipimwe upya kesho asubuhi kwa mashine na ubao wa miraba myeusi na myeupe. Kuipima nusu siku! Nikamwambia kamera si mgonjwa wa macho. Gundi nikaingoja, kamera sikuingoja. Shati langu lilikuwa limejaa gundi, nikalivua, nikaondoka na fulana ya ndani, ile yenye tundu kifuani.

Mita mia moja, gari likafunga breki lenyewe. Kulikuwa na mfuko wa plastiki. Likafunga tena, kwa kivuli cha nguzo. Likafunga kwa kuku ambaye alikuwa upande wa pili kabisa wa barabara na shughuli zake. Kila mara linapiga kelele mbele yangu, taa nyekundu, na mimi na usukani tunabusiana.

Kisha soko. Leo Alhamisi! Mama mkwe wangu, Mama Abbo, hushuka kutoka Petta kila Alhamisi kuuza muhogo, nami nilisahau.

Yeyote asiyetoka huku aelewe: mama mkwe hatazamwi usoni. Ukimwona njiani unaingia kichakani, naye anaingia kichaka chake. Miaka kumi na nne na Babra, sijawahi kuuona uso wa mama yake kwa ukaribu. Leo nimeuona. Alivuka na beseni kichwani, mimi nikakanyaga mafuta nimpite haraka kwa adabu, gari likafunga breki mbele yake kabisa. Kioo safi, hakina ufa, hakina vumbi. Macho kwa macho! Mimi na fulana yangu ya tundu!

Akapiga yowe, akajifunika uso kwa beseni. Muhogo wote juu ya boneti. Nami nikajificha chini ya usukani, na honi ikalia muda wote kwa sababu ya kiwiko changu. Soko zima limesimama kutazama.

Ana uso mwema, lakini. Babra amefanana naye.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimerudi kwa Obore kwa hiari yangu. Alicheka tu na ubao wake wa miraba. Nusu siku nimekaa kwenye ndoo nikitazama gari likipimwa macho. Sasa limetulia. Nimepita kuku watatu kurudi nyumbani, halikushtuka.

Ofisi ya parokia nimeomba stika mpya. Karani kaniuliza mbona sionekani Jumapili. Nimeahidi kujiunga na kwaya. Stika nimeibandika palepale, lakini imenyooka. Nimetumia rula ya binti yetu Tracy.

Jioni kaka yake Babra amepiga simu kutoka Petta. Mama hajala tangu jana kwa aibu. Wazee wamekaa: nitoe mbuzi, dume, asiyekonda, niepushwe na laana na mama apate kula. Mbuzi dume nyumbani kwangu ni mmoja tu. Nimekubali haraka kuliko walivyotarajia. Nenda, beberu, umenitesa vya kutosha!

Babra hakufoka. Aliuliza tu, "Baba Tracy, wewe ulivaa fulana gani?" Nilipomwambia alikaa chini.

Jumamosi, 6 Desemba

Owori amefika saa nne. Hakunisalimia vizuri. Akaenda moja kwa moja kwenye gari, akalizunguka, jasho linamtoka. Akaniomba maji ya kunywa. Nikajua ananiondoa tu pale.

Nilichungulia dirishani. Owori aliinama kwenye stika ya parokia. Akaingiza ukucha. Akaibandua pembe moja, kisha yote. Nikamwambia Babra kimoyomoyo kwaheri, na kazi kwaheri, na mshahara ambao sijauona kwaheri.

Owori akapiga magoti. Uani kwangu, kwenye mavi ya kuku, na suruali yake ya Juba!

Nikatoka mbio na kikombe. Analia. Akaeleza yote palepale. Kabla ya safari alikwenda Masinya kwa mwendo ambao Benedeta alimkataza, jiwe lililorushwa na lori likapiga kioo. Kitobo. Kwa kumwogopa dada yangu akakifunika kwa stika, akaanza novena, sala ya siku tisa, ndani ya lori hadi Juba na kurudi. Leo ni siku ya tisa. Na kitobo hakipo! Kioo kimepona! Hata stika, akasema, imenyooka yenyewe.

Kisha, kwa kuwa alikuwa katika kutubu, akaongeza jingine. Gari aliniachia mimi kusudi. Kama ufa ungefunguka, ungefungukia mikononi mwangu.

Nilikasirika! Shemeji gani huyo? Kumtegea ndugu wa mke wako! Mtu na hila namna ile, anakula wapi Komunyo? Nilifungua mdomo nimweleze ukweli wote, beberu, mtamba, msiba na muhogo. Lakini yeye alitangulia. Akasema mtu ambaye gari linapona mikononi mwake hawezi kumwacha. Kazi ni yangu, naanza kesho kutwa.

Nikafunga mdomo. Nikampa maji.

Alitaka kwenda kushuhudia kanisani kesho. Nikamuuliza polepole Benedeta atasemaje akisikia kwamba kitobo kilikuwepo. Akasimama, akapangusa magoti, akasema kuna miujiza mingine ni ya ukoo tu.

Nimepumua. Nimepumua hadi mbavu zimeuma. Nimekula ugali sahani mbili, nimelala mchana kama mtoto aliyeoga.

Jumapili, 7 Desemba

Nimeimba kwaya. Wameniomba nisimame nyuma.

Ochwo amekuja kunipongeza, uso umemkunjamana, ameniletea kilo mbili za sukari ya msiba wake. Nimempokea kwa upole. Mshindi haringi. Babra amecheka leo mara mbili, na alipopita aliniwekea mkono begani, jambo ambalo sikumbuki lilifanyika lini mwisho. Kisha akauliza habari za mtamba. Nimesema nyasi za Masinya bado ni nzuri.

Kazi yangu ya kwanza kesho alfajiri, kwa ruhusa ya Owori: kupeleka beberu Petta. Nitashusha mbuzi njiapanda na kugeuza uso. Wakwe wataona nimefika na gari gani, mama mkwe atakula, mambo yatakwisha.

Nimejifunza jambo kubwa wiki hii, nalo ni kwamba stika ibandikwe kwa rula.

Kioo nimekisugua mara tatu, ili Petta waone. Kinang'aa! Beberu nimemfunga kwenye bampa ya mbele asije akapotea usiku, kamba ndefu kidogo apate kujinyoosha. Nipo dirishani naandika, namwona. Ametulia, maskini. Amepanda boneti, nadhani ni kwa sababu chuma bado kina joto. Anakitazama kioo kwa makini. Ameinamisha kichwa, sasa anarudi nyuma kidogo.

Hata mnyama huyu ameanza kuwa na heshima.