Kipande cha Punje Kilichousimamisha Mlango wa Ndege

"Shemeji, toa miguu chini ya meza!"

"Sitoi! Miguu yangu, meza yangu, nyumba yangu!"

"Miguu ni yako, ila ovaroli ni ya karakana. Toa!"

"Nimekupindulia mifuko yote mitano. Unataka nini tena, nivue na ngozi?"

Naam! Sogeeni, enyi mlio jirani nanyi mlio ng'ambo ya ua. Aliye na chungu motoni apunguze moto, aliye na mtoto mgongoni ambembeleze, kwa maana habari hii haisimuliwi kwa mtu mwenye haraka. Tunanena vita vilivyopiganwa adhuhuri kweupe, macho ya watu yakiona, si kwa ajili ya kiti cha enzi wala mpaka wa nchi, bali kwa ajili ya kipande cha chuma kisichozidi punje ya mchele, tena mchele uliovunjika.

Aliyesimama mlangoni akidai miguu ya mwanaume ni Mama Vivuli, simba jike wa dirisha la vifaa, mshika funguo, mwanamke ambaye mafundi wenye misuli kama magogo humsogelea wakiwa wamevua kofia. Jina hilo alilipata kwa ubao wake. Katika ubao huo mpana kila kifaa kimechorewa kivuli chake kwa rangi nyeusi, nyundo yake, koleo lake, bisibisi yake hata ile ndogo kama kijiti cha meno. Na kifaa kinapotoka, mahali pake huning'inizwa kibati chenye namba ya aliyekichukua. Kivuli kitupu kisicho na kibati kwake ni msiba. Husimamisha kazi, hufunga geti, na chakula hakimpiti kooni.

Wala msimcheke bado. Karakana ile haifui ndoo. Inatengeneza milango ya ndege, nayo milango hupandishwa lori kupelekwa kwenye kiwanda kikubwa zinakounganishwa ndege nzima, na watu wenye wake zao na mabegi yao huketi kando ya milango hiyo wakisinzia juu ya mawingu. Kwa hiyo imewekwa sheria kongwe: ncha ya drili ikivunjika, fundi hapewi mpya mpaka arudishe mifupa yote ya ile iliyokufa. Mama Vivuli huitandaza juu ya kitambaa cheupe, akaiunga mfupa kwa mfupa, na maiti isipotimia hakuna mazishi.

Asubuhi ya siku hiyo alifika dirishani Fundi Kimo, bingwa wa ribiti, zile pini za kuungia bati, mtoboaji asiyekosea, mtu mfupi wa umbo na mrefu wa maneno, ambaye nyumba yake na ya Mama Vivuli zinatazamana katika ua mmoja. Akaweka vipande viwili vya ncha iliyovunjika.

"Nipe mpya, shemeji. Hii imetangulia mbele ya haki."

Mama Vivuli akavaa miwani. Akaviunga vile vipande. Kati ya kimoja na kingine akaona pengo, pengo ambalo wewe nami tungeliita si kitu, nalo likampiga moyoni kama mkuki.

"Kuna mfupa wa tatu," akanena. "Wa tatu uko wapi?"

"Wa tatu upi? Huo si unga tu?"

"Unga hauna kona, shemeji."

Kufumba na kufumbua alikuwa ameutundikia mlango ule aliotoka kuutoboa fundi lebo nyekundu, maana yake usiguswe wala usisogezwe. Na msiba wenyewe ni kwamba mlango ulikwisha fungwa bati zake kwa ribiti sitini na nne, umeng'arishwa, lori linasubiri nje. Msimamizi akaja mbio, tai imemrukia begani.

"Mama, tia sahihi uende. Kitu kama chawa hicho!"

"Chawa huyo akitembea ndani ya mlango huko juu, akaingia kwenye komeo, mlango utafungukaje siku watu wanataka kutoka? Utakwenda kuwafungulia wewe na hiyo tai yako?"

Mafundi wakaangalia chini. Msimamizi akapumua kwa pua, akatoa hukumu: "Lori linaondoka saa tisa. Ukinipigia simu kabla ya saa nane kwamba umekipata, heri. La sivyo tunaufumua, ribiti moja moja. Na tukiufumua tusikute kitu, kesho dirisha hilo atakaa mwingine."

Miaka kumi na sita ya dirisha! Miaka kumi na sita bila hata msumari kupotea! Hapo ndipo shujaa alipoivuta silaha yake chini ya kaunta: sumaku nzito iliyong'olewa kwenye spika kuukuu, imefungwa kamba ya viatu. Kwa kuwa bati la ndege halishikwi na sumaku, ila ncha ya drili hushikwa, akaikokota juu ya sakafu, chini ya meza, ndani ya mafagio, kwenye pipa la takataka hadi takataka zikaona haya. Akawapitishia mafundi wote kifuani na mgongoni, wamejipanga kama wanaopimwa suti. Ikanasa funguo za baiskeli, ikanasa kishikizo cha suruali ya mtu, akakirudisha kwa heshima. Punje haikuonekana.

Alipohesabu vichwa, akaona kimoja pungufu. Fundi Kimo alikwisha teleza kwenda kula kwake, na ovaroli mwilini, kinyume cha amri zote.

Ndiyo maana mnamkuta Mama Vivuli sasa kwenye kizingiti cha jirani yake, saa saba na dakika arobaini, kamba mkononi, kijikopo chenye ile mifupa miwili mfukoni, na nyuma yake nusu ya ua, kwa maana habari ya ugomvi haihitaji tarumbeta. Jirani wa chumba cha pembeni alipanda juu ya ndoo ili aone vizuri, akawa anawatangazia walio nyuma.

"Amekunja miguu! Ameikunja kabisa!"

"Wewe mwanamke wa ndoo, hebu shuka!" alifoka Fundi Kimo. Kisha akainua kijiko kama mkuu wa majeshi. "Sikilizeni, watu wa ua huu! Nimetoboa milango mia mbili kwa mkono huu. Leo nitafutwe kama kibaka, mbele ya mchuzi wangu?"

"Hujaitwa kibaka," akajibu Mama Vivuli, sauti imeshuka, nayo ilipaswa kuogopwa zaidi iliposhuka. "Umeitwa fundi. Fundi haogopi sumaku. Mbona unaficha miguu, shemeji? Ina deni na mimi?"

Mkewe Fundi Kimo, mwanamke mpole mwenye vidole vya ushonaji, alikuwa amesimama karibu na jiko akitazama kwa zamu mume, jirani na saa ya ukutani. Alijua. Na kwa kuwa alijua, shingo ilimwasha.

Shujaa hakungoja tena. Akapiga goti moja, akaitupa ile sumaku chini ya meza kama mvuvi anayetupa ndoana, ikabingirika, ikapita mguu wa kiti, ikapita kandambili, ikafika kwenye ncha ya suruali ya mguu wa kushoto.

Tik!

Hata jogoo aliyekuwa akiparua akasimama mguu mmoja.

"Ni kishikizo," alisema Fundi Kimo.

"Kishikizo cha kifundoni?"

"Ndiyo mtindo wa sasa."

"Baba watoto," mkewe akaingilia, "mwambie tu. Au nimwambie mimi?"

"Usithubutu!"

"Dada, miguu ya ovaroli niliikunja mimi." Akaja mbele, akafuta mikono. "Bohari walimpa ovaroli ya mtu mrefu. Akakataa kwenda kubadilisha, eti watamcheka. Nikaikunja kwa ndani, nikaishona mshono usioonekana. Ila pembeni niliacha upenyo, uzi uliniishia."

Kumbe! Miezi minne shujaa wa ribiti ametembea na mkono mzima wa kitambaa umekunjwa miguuni, akiogopa kukaguliwa miguu kuliko radi, si kwa sababu ya chuma, bali kwa sababu ya kimo! Aliyekuwa juu ya ndoo alicheka mpaka akashuka bila kupenda.

Mke akaleta wembe, akakata uzi. Likaanguka vumbi la bati, ikaanguka karatasi ya peremende, na mwisho, kwa utukufu wake wote, ikanasa kwenye sumaku punje nyeusi yenye kona tatu. Mama Vivuli akatandaza leso yake kizingitini, akafungua kijikopo, akavaa miwani. Mfupa wa kwanza. Wa pili. Akaisukuma ile punje kwa ukucha katikati yao, nayo ikaingia kama iliyokuwa ikisubiriwa.

Maiti ilitimia. Andikeni tarehe, enyi wenye kalamu! Andikeni saa pia, saa saba na dakika hamsini na tatu, siku chuma cha punje kiliposhindwa, na ribiti sitini na nne zikaokolewa zisikatwe vichwa!

Akapiga simu. "Msimamizi, kimepatikana. Pakia mlango." Akahamishia simu sikio la pili. "Wapi? Kwenye nguo ya kazi ya fundi. Ndivyo nitakavyoandika." Akamtazama jirani yake. "Sehemu gani ya nguo? Nguo ni nguo, mkuu. Ila kesho ile bohari yako itoe ovaroli za vipimo vyote, la sivyo nitaandika na mengine."

Akakunja leso, akainuka, goti likalia. Tangu alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni, na harufu ya mchuzi ilimpiga usoni kuliko adui yeyote wa siku ile. Akageuka aende zake.

Fundi Kimo alikuwa ameitoa miguu chini ya meza, mmoja suruali imefika kifundoni, mwingine inaburuta sakafuni. Akasukuma kiti cha pili kwa kisigino.

"Sasa unakwenda wapi, shemeji? Ingia, nawa mikono, ule."