Majina Kumi na Saba Ndani ya Shairi la Mvua

Jumatatu, 12 Mei
Nimeamka na akili! Jumamosi ni sikukuu ya shule. Kila darasa litasoma shairi moja mbele ya wazazi. Mwalimu wa mshindi atapewa na Prefe, mkuu wetu wa shule, ile biro ndogo, ofisi yenye dirisha. Na ufunguo! Miaka sita nakalia kiti cha plastiki chenye mguu uliopasuka. Solange, mwalimu wa darasa la pembeni, ameshanunua pazia. Kabla ya kushinda! Tutaona.

Mpango: sisahihishi kitu. Wanafunzi watapeana mashairi, kila mmoja ataandika maoni na pointi kati ya kumi. Mwenye shairi anarekebisha, wanapeana tena. Mwenye pointi nyingi ndiye nitampeleka. Macho yangu yatapumzika.

Jumanne, 13 Mei
Aibu. Karatasi thelathini na mbili, maoni ni yale yale: iko muzuri. Nikapandisha sauti. Nikawaambia maoni yawe makali, na mwandishi amsikilize msomaji wake mpaka aridhike. Nadège alinielewa vizuri mno. Alimwandikia Gauthier kwamba shairi lake la mvua linachosha kuliko mvua yenyewe. Pointi mbili. Gauthier alilia. Nilifurahi sana, kazi imeanza.

Musoki, yule msichana wa nyuma asiyesema, ameleta mistari minane tu. Inasema baba yake anachimba dhahabu mbali, Mongbwalu, na mama anafua shati lake kila Jumamosi ingawa hakuna wa kulivaa. Nilimwambia aongeze urefu.

Alhamisi, 15 Mei
Pointi zimepanda! Nane, tisa, kumi! Nilimshauri Solange ashonee watoto nguo kwa lile pazia.

Saa nne nikasoma mashairi yenyewe. Mungu wangu! Gauthier ameandika: Nadège, ua la Bunia. Nadège kampa tisa. Basi darasa zima limeiga. Wanatupa libanga, kama wanamuziki wanavyotaja jina la tajiri ndani ya wimbo ili awapende. Shairi la mvua sasa lina majina kumi na manne, na mvua imebaki mstari mmoja. Gauthier alinijibu kwa heshima kwamba Prof, weye mwenyewe ulisema musomaji aridhike.

Musoki hakutaja mwenzake yeyote. Pointi mbili. Nilimhurumia, nikamwambia ataje hata jirani mmoja. Alikataa. Alisema ndani ya shairi lile iko nafasi ya baba yake tu. Maneno mazuri, lakini hayaleti biro. Akaomba amwonyeshe Madamu Solange. Nikakubali mbio! Nikaandika hata karatasi kwamba tangu leo ni mwanafunzi wa Solange, nikatia sahihi. Mzigo umehamia kwa jirani.

Ijumaa, 16 Mei
Kama libanga inamlainisha Nadège, je, Prefe? Gauthier, anayeongoza kwa pointi, ameongeza Prefe Tharcisse, mke wake Mama Kaswera na mama mkwe. Kumi na saba. Nimepima dirisha la biro kwa mkono.

Jumamosi, 17 Mei
Gauthier alianza vizuri. Prefe alitabasamu kwenye jina lake. Lakini Muzee Liévin, mkuu wa kamati ya wazazi, alisimama akauliza libanga yake iko wapi. Mhasibu naye akauliza. Wazazi wa mstari wa mbele wakauliza. Kelele! Gauthier akaambiwa akae, mvua haijafika.

Akapanda Musoki. Mistari minane. Hata Muzee Liévin akakaa. Baba yake alikuwa amesimama nyuma, ameshuka kutoka Mongbwalu, amevaa shati lile, limepigwa pasi. Alilia bila kujificha. Mimi pia, na si kwa sababu ya biro tu.

Prefe alimtangaza mshindi, akauliza ni mwanafunzi wa nani. Nilisimama haraka. Solange akatoa karatasi yangu. Sahihi yangu, kubwa, yenye mikia miwili.

Pazia limeenea dirishani kabisa.

Jumapili, 18 Mei
Nimewaza misa nzima, na kosa nimeliona. Tulimsahau Muzee Liévin! Mwaka ujao haturudii uzembe huo. Nimeanza orodha: majina arobaini na moja, pamoja na mlinzi wa lango na mke wake. Mvua nitaitoa. Inachukua nafasi ya watu.