Buti Lisilofunguka

Msasa alikuwa mlangoni pa duka la vipuri, anakunywa soda ya kukopa, alipomwona mama mmoja wa makamo amesimama kando ya gari lake la kuuza. Miwani puani, mkoba begani, kichwa amekipenyeza dirishani, ananusa zulia la gari bila haya yoyote.

"Huyu amesoma," Msasa alijiambia, moyo ukimcheza kwa furaha. "Huyu ni wangu."

Ndivyo elimu yake ilivyomfundisha. Jina la Msasa alipewa na mtaa, maana hakuna jambo lililokwaruza asiloweza kulilainisha kwa mdomo. Kwake yeye, mnunuzi asiyeuliza kitu ndiye wa kuogopwa, kwa sababu huondoka kama alivyokuja. Lakini aliyekesha na simu akijifunza namna ya kukagua gari lililotumika, huyo amekwisha kulipenda gari kabla ya kuliona. Anatafuta tu mtu wa kumjibu, na kujibu ndiyo kazi Msasa aliyoumbiwa.

Ila safari hii maji yalikuwa yamemfika shingoni. Gari lenyewe lilizama kwenye mafuriko likanywa maji mpaka kwenye redio. Msasa alilipata kwa bei ya kutupa kupitia kwa Fundi Kimya, mwenzake wa siku nyingi mwenye gereji ng'ambo ya barabara, na mwenye gari hakumwona wala hakumuulizia. Pesa aliipata kwa kuiweka rehani cherehani ya mkewe, ambaye alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wote wawili. Mke akirudi asiikute, ndoa nayo ingekuwa gari bovu, na Msasa, pamoja na ujanja wake wote, alimpenda mkewe.

"Shikamoo, mama! Gari limekuchagua."

"Marahaba, mwanangu. Mbona linanuka kama kisima?"

"Limeoshwa jana. Mimi kwa usafi nina ugonjwa."

Mama akauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, kule ambako waoshaji hawafiki, akausugua kwa kidole. Kidole kikatoka na tope.

"Kuosha gani huku kunakozaa tope?"

Msasa hakupepesa jicho. "Mwenye gari wa kwanza alikuwa mkulima. Mtu mwaminifu! Mkanda alifunga hata akitoka kulima, na tope lake."

"Alaa. Mkulima." Mama akaitikia taratibu, kama anayeonja chumvi. "Basi liwashe tulisikie."

Akaweka sikio juu ya boneti, akafumba macho. Alikuwa mkunga, alisema, kabla hajastaafu, na hakuwahi kuliamini tumbo kwa kutazama gauni. "Linapumua kwa shida. Nataka fundi alitazame."

Hapo ndipo Msasa alipokuwa akimsubiri. "Mbona rahisi? Ng'ambo pale yupo fundi. Hanijui, simjui. Wanamwita Kimya kwa sababu hajui kusema uongo."

Mpango ulikuwa wa zamani na haukuwahi kuwaangusha. Fundi Kimya angelala chini ya gari, agune, kisha ataje ubovu mmoja mdogo. Msasa angeurekebisha kwa moyo mkunjufu, na mnunuzi angeyaamini mengine yote. Mtu akishagundua kosa moja kwa akili zake, huacha kutafuta la pili.

Fundi akalala, akaguna, akatoka. "Betri," alisema.

"Mpya kesho, mama!" Msasa akadakia. "Zawadi yangu kwako."

Kesho yake mama alikuja, akaisifia betri, akamwita fundi atazame tena. "Nyaya," akasema fundi.

Msasa akamvuta pembeni. "Tulisema ubovu mmoja, ndugu yangu!"

"Amesoma huyu," Fundi Kimya akanong'ona, na kwa mtu asiyesema hiyo ilikuwa hotuba. "Ananiuliza mambo ya kompyuta ya gari. Nikidanganya atanishika, na wewe utashikwa pamoja nami. Mpe hili moja tu, ameshalainika."

Kweli, mama alionekana amelainika. Alikuwa analipapasa gari ubavuni kama mali yake. Basi kochi la Msasa likaenda sokoni likarudi nyaya. Friji ikaenda ikarudi gia boksi. Meza na viti vyake vikageuka breki. Kitanda kilisalimika kwa sababu hakikupita mlangoni. Kila mara mama alisema, "Umenifurahisha, mwanangu," na kila mara Msasa alijibu, "Zawadi, mama." Mtaani wapo waliofilisika kwa pombe na waliofilisika kwa kamari. Msasa alikuwa wa kwanza kufilisika kwa matengenezo.

Jambo moja lilimfariji. Buti la gari lile halikuwahi kumfungukia tangu alinunue. Alilibembeleza kwa ufunguo, kwa mafuta, kwa matusi, nalo likanuna vilevile. Uongo wake alikuwa ameuandaa, habari ndefu ya kufuli za kisasa. Lakini mama aliyekagua mpaka chini ya mazulia hakuuliza lolote kuhusu buti. Msasa alishukuru, asijiulize kwa nini.

Siku mkewe alipopiga simu kusema yumo njiani, mama alikuja na bei yake. Ilitosha kuikomboa cherehani, nauli ya kuibeba haibaki.

"Mama! Na gia boksi je? Na breki?"

"Si ulisema ni zawadi?"

Ule mdomo uliolainisha mji mzima ndio uliosema hivyo. Mke yumo njiani. Msasa akapokea pesa, akatoa ufunguo na kadi ya gari.

"Jina kwenye kadi tutabadilisha lini?" aliuliza kinyonge.

"Hakuna haja. Lililopo linatosha."

Mama akazunguka nyuma ya gari, akatia ufunguo, akalipiga buti kwa nyonga, pa! Likafunguka. Akainama, akatoa mwavuli uliokauka na tope lake.

"Limefunguka, shangazi?" Fundi Kimya akapaza sauti kutoka ng'ambo.

"Limfungukie nani kama si mimi?"

Msasa akautazama mwavuli, kisha mama. "Kumbe gari ni lako?"

"Lilipozama sikuwa na uwezo wa kulitengeneza. Huyu mtoto wa kaka yangu akaniambia, shangazi, namjua mtu atakayelitengeneza lote bila kulalamika, mradi adhani anamwibia mtu." Akakaa kwenye usukani, akawasha. Injini ikaitika mara moja. "Pesa hiyo ni ileile uliyonilipa kwa gari hili. Na mwanangu, mimi sijawahi kulima."

Akatazama juu, wingu lilikuwa limeshuka. Akampitishia mwavuli dirishani. "Shika. Wewe ndiye utakayekwenda kwa miguu."

Msasa akaupokea na, kwa mazoea, akasema asante.

Mvua ilimkuta njiani, cherehani kichwani na mwavuli juu ya cherehani. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya sebule tupu, mizigo bado mkononi.

"Nimeiona cherehani," alisema. "Nionyeshe pa kukaa nikishona."

Msasa alikuwa na uongo wa zulia, wa mkulima, hata wa buti. Wa kochi hakuwa nao.