Msishuke Ettelbruck

Jumapili, 6 Julai. Clervaux.

Mvua. Jumamosi ijayo binti yangu Viviane anaolewa na Matija, Mslovenia wake. Wazazi wa Matija, Stane na Marija, wanafika Jumatano kwa ndege. Hawajawahi kukanyaga Luxembourg. Imeamuliwa (na nani? Si na mimi!) kwamba watafikia Diekirch, kwa Lydie, mke wangu wa zamani, na mumewe Gast. Gast ana bustani. Gast ana jiko la kuchomea nyama lenye magurudumu. Mimi nina vyumba viwili juu ya duka la dawa.

Nayaona yote. Siku ya kwanza watakula kwa Gast, watacheka kwa Gast, watamzoea Gast. Mimi nitakuwa yule mzee mwingine kwenye picha.

Mchana Viviane kapiga simu. Baba, kasema, wewe umestaafu na treni na mabasi unayajua, hebu wapigie wakwe uwaelekeze safari. Kwa moyo wote, nikasema. Nimekwenda kulala natabasamu peke yangu.

Jumatatu, 7 Julai

Nimeongea na Stane, kwa Kijerumani. Mtu mpole, sauti nzito. Kila ninachosema anakirudia kama mwanafunzi.

Mwanzoni nimempa ushauri wa kweli kabisa. Usafiri hapa ni bure, mkwe: tramu, basi, treni. Ila msikae daraja la kwanza, kule wanalipia. Njooni na makoti ya mvua, Julai si kitu. Vitu vya dukani nunueni kabla ya Jumapili, siku hiyo maduka hufungwa. Mkisalimiana na akina mama ni mabusu matatu. Msiishie mawili mkamwacha mtu kainamisha shavu bure.

Kisha tukafika Ettelbruck. Hapo ndipo mtu hubadilisha treni kwenda Diekirch. Toka hapo ni pua na mdomo. Nikajisikia nasema: Ettelbruck msishuke! Njia ya Diekirch imefumuliwa yote. Kaeni humohumo mpaka Clervaux, mtanikuta stesheni. Akauliza, je, wakitangaziwa washuke? Nikasema tangazo hilo ni la watu wa Diekirch, lisiwashughulishe. Na njiani msile kitu, mkwe, ninapika. Na Viviane msimsumbue, bibi harusi ana mambo mengi.

Kanishukuru sana. Bahati iliyoje, kasema, kuwa na mtu wa kutuelekeza.

Naomba jioni moja tu! Asubuhi nitawapeleka Diekirch mwenyewe. Nani ataumia?

Jumatano, 9 Julai

Nimepika. Nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, maharagwe mapana, viazi. Nimevaa tai. Nimewahi stesheni. Stesheni tupu. Ukutani bango: njia ya kaskazini imefungwa kwa matengenezo, treni zinaishia Ettelbruck, abiria wataletwa kwa mabasi.

Mimi! Niliyeendesha mabasi hayohayo kila majira ya joto mpaka nikastaafu! Sikuangalia. Nilikuwa nimeshughulika mno na matengenezo yangu ya kubuni.

Likaja basi. Wakashuka vijana wenye mizigo mgongoni na mama mwenye mbwa. Likaja jingine. Mama mwingine, mbwa mwingine. Simu ya Stane haipatikani. Hapo mtu mwenye akili angempigia binti yake. Mimi nikarudi nyumbani kupasha maharagwe.

Jioni Viviane akapiga mwenyewe. Wakwe hawajafika Diekirch, Mama kaandaa meza, simu yao imezimika. Baba, unajua lolote? Nikasema sijui. Naliandika hapa nilione vizuri: nikasema sijui. Na mimi nimesimama na mwiko mkononi.

Nikaizunguka meza. Nikaizunguka tena. Mwisho nikapiga simu. Si kwa Viviane, sikuweza. Kwa Gast! Nikamwambia awatafute ndani ya treni, treni yoyote, kwa sababu hawatashuka. Hakuuliza kitu. Nilisikia tu funguo za gari.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata habari kamili kwa Viviane, kwa sauti nisiyoijua.

Treni ilifika Ettelbruck, abiria wote wakashuka. Wao wakakaa. Kondakta akawaambia mwisho ni hapa. Stane akatabasamu, akasema asante, sisi ni wa Clervaux. Treni ikageuka nao mpaka mji mkuu. Wakapanda nyingine ya kaskazini. Wakafika Ettelbruck. Wakakaa. Wakarudishwa tena. Usafiri wa bure huu! Kungekuwa na nauli, mtu angewatoa nje mapema.

Na Marija ana kisukari. Hakuwa ametia kitu mdomoni toka asubuhi, maana mwenyeji kasema anapika. Stesheni ya mji mkuu akaanza kutetemeka. Mama mmoja Mreno aliyekuwa anatoka kazini akampa juisi na nusu ya mkate wake, akakaa naye kwenye benchi mpaka Gast akawakuta. Leo hajambo. Nimeuliza mara mbili. Hajambo.

Stane kawaambia wote kwamba kosa ni lake, alielewa kuwa njia ya Diekirch imefumuliwa, Kijerumani chake kimeshika kutu. Amenifichia! Lakini Viviane ni mwanangu, ananijua.

"Baba, njia ya Diekirch mimi nimepita juzi. Nani kawaambia imefumuliwa?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Kwa nini, Baba?"

Nikaanza kueleza habari za maharagwe. Hata mimi niliposikia ninavyosema, niliona haya. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Ile hotuba ya Jumamosi, acha. Wewe njoo tu, ukae."

Hotuba hiyo nimeiandaa tangu Machi. Kuna sehemu ya kuchekesha kuhusu baiskeli yake ya kwanza.

Usiku nimekula maharagwe. Bado yamebaki ya watu wawili.

Jumamosi, 12 Julai. Diekirch.

Wameoana. Viviane alipendeza mpaka nikalazimika kutazama viatu vyangu. Kanibusu mabusu matatu, ya haraka. Lydie kaniangalia kama anavyoiangalia mvua.

Gast ndiye aliyesema maneno mezani. Mafupi, mazuri. Nilitamani yawe mabaya. Nasikitika hayakuwa mabaya, na nasikitika kwamba hilo ndilo lililonisikitisha.

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jikoni Stane alipokuja na chupa ya mvinyo na glasi mbili. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mkwe, hivi ulikuwa unataka nini hasa?"

Nikamwambia. Nilitaka mle kwangu kwanza. Kabla ya kwa Gast.

Akaizungusha glasi yake. "Ungesema tu. Tungekuja."

Kweli. Wangekuja. Wangepanda zile ngazi, wangekaa kwenye viti vyangu vibovu, na Viviane angenipigia simu kuuliza baba, wameshiba? Hayo yote yalikuwa yanapatikana kwa kuomba, na mimi sikuomba.

Nikaenda kumwomba Marija radhi. Kanikatia keki ya karanga aliyoibeba toka kwao. Ilikuwa imepondeka, ilikaliwa na mtu kwenye treni. Nimeila yote. Sikustahili hata makombo.

Nimeapa: simshauri mtu safari tena. Hata ya chooni.

Jumapili, 27 Julai. Clervaux.

Jua! Stane kapiga simu. Septemba wanatualika sote kwao Koper, Viviane na Matija, Lydie na Gast, na mimi. Ni baharini. Kasema bado kutakuwa na joto, watu wanaogelea, tubebe nguo nyepesi na kandambili. Na amenipigia mimi wa kwanza. Mimi! Niwafikishie wengine.

Jioni Gast kapita, kaleta soseji alizochoma mwenyewe. Nimemshukuru kwa ile Jumatano, kwa dhati, nikiwa nimemshika mkono. Tumekunywa bia, nikamfikishia mwaliko wa Stane. Ni mtu mwema kweli. Nimejuta miaka yote niliyomnunia.

Alipokuwa anavaa viatu mlangoni akauliza, Metty, huko kwao Stane Septemba hali ya hewa ikoje, nibebe nini?

Nilikusudia kusema kandambili. Naapa, neno lilikuwa tayari kwenye ulimi.

Nimemwambia kule ni milimani, theluji huanza mapema. Abebe koti zito, na suruali za sufu, na kwa ajili ya Lydie buti zenye manyoya. Kanishukuru sana. Kasema bahati tunaye mtu wa kuuliza.

Kesho naenda kununua kaptula.