Malalamiko Dhidi ya Fundi Aliyelitengeneza Gari Langu

Kyimo, Tukuyu

Ndugu Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi Magari.

YAH: FUNDI SADALLA KULIPONYA GARI LANGU BILA RIDHAA YANGU

Salamu kwako na kwa gereji zote zilizo chini yako. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Daktari ameniambia moyo wangu hauna safari ndefu, akanikataza kupanda vilima. Kuendesha gari hakukutaja. Nikiwa bado na akili zangu, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Gari langu ni la zamani na lilikuwa na ugonjwa wake unaojulikana: kila Jumapili asubuhi betri ilikuwa imekufa. Binti yangu Tulia, bila kuniuliza, akamwita Sadalla. Fundi mwingine angeniuzia betri mpya akaenda zake. Huyu alisugua vichwa vya betri kwa msasa, akapima alteneta, akakaza waya wa hasi, kisha akachomoa fyuzi moja moja huku akitazama mita, hadi akagundua kwamba umeme unaishia kwenye taa ya buti. Kijiti cha mwanzi kilikuwa kimeizuia swichi, kwa hiyo taa iliwaka hata buti likifungwa. Akakichomoa, akakitupa kwenye migomba. Bidii ya namna hii, Ndugu Mwenyekiti, ni hatari.

2. Kijiti kile ni mali yangu. Nilikichonga mwenyewe, na nilikichomeka kila Jumamosi jioni. Jambo hili sijamwungamia mchungaji wala Tulia. Nakuungamia wewe kwa kuwa ni mtu wa magari.

3. Sababu ni mdogo wangu Amoni. Mimi nakaa juu ya mteremko, yeye chini, kwenye njia ya kanisani. Miaka sita iliyopita nilipima shamba la marehemu baba yetu, na mpaka ukapita katikati ya migomba yake. Vipimo vilikuwa sahihi. Tangu hapo hatusalimiani. Lakini gari likikwama mbele ya geti lake hana budi kutoka, maana ng'ombe wake hawapati pa kupita. Basi kila Jumapili niliserereka hadi pale bila kuingiza gia, nikangoja. Anatoka, anasukuma, anasema, "Gia ya pili, wewe." Namjibu, "Nimeweka." Anasema, "Hujaweka. Umesoma bure." Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyobakiwa nayo, na niliyasubiri wiki nzima.

4. Sasa gari linawaka mara moja. Jumapili mbili nimelipita geti lake likiwa limefungwa, nikilipungia mkono kama mgombea udiwani. Sitaki kuzikwa na mtu ambaye neno lake la mwisho kwangu lilikuwa gia.

5. Kwa hiyo naomba Sadalla akitafute kijiti changu na kukirudisha mahali pake. Kisipopatikana, aunge waya wowote utakaoimaliza betri polepole. Aidha, mafundi wote wa Rungwe waagizwe kumwuliza mwenye gari, kabla ya kugusa chochote, kama ugonjwa huo una kazi. Nawafahamu wazee wa Masukulu na Kinyala wasiosalimiana na ndugu zao. Wako tayari kuleta magari mazima yaharibiwe kwa utaratibu.

Naomba suala hili lisisubiri kikao kijacho. Moyo wangu haufuati ratiba ya vikao.

Nisalimie wachomeleaji, wapaka rangi, na Saada anayewapikia chai. Ndaga fijo, asante sana kwa kunisoma.

Mimi ambaye bado nipo,
Abrahamu Mwakasyuka
Mpima Ardhi Mstaafu

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Amoni amepanda kilima, kavaa gambuti, anahema kuliko mimi. Anasema kutu imetoboa buti la gari langu, na miaka yote hii, kila Jumamosi, alikuwa akiona kimwanga huku juu, ndipo anaziweka gambuti zake mlangoni, tayari kwa kusukuma. Jumamosi mbili hakuona mwanga, na gari alilisikia likipita bila kukwama akajua ni Tulia anayeendesha, akadhani nimekufa na hakuna aliyejisumbua kumwambia. Tafadhali futa malalamiko yote na umpongeze Sadalla. Jumapili Amoni atakaa kiti cha mbele. Ameshaniambia sijui kuendesha. Mpaka bado anaukataa, lakini kanisa liko mbali.