Hita ya Lita Themanini

Siku Mvuke alipoingia katika duka la vifaa vya mabomba akiwa na nia njema, mwenye duka alimtazama mara mbili. Fundi huyu alizoeleka kununua tepu nyeupe ya kuzibia maungio ya mabomba na kopo moja la rangi ya magari, basi. Leo aliulizia hita ya maji. Mpya, ya kweli, ndani ya boksi lake.

Nia hiyo njema haikuwa yake, ilikuwa ya mkewe. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, na miezi yote hiyo alikuwa akioga maji ya baridi katika nyumba ya mtu anayejiita bingwa wa maji ya moto. Juzi alikuwa amemwekea mumewe bahasha mezani, akiba yake ya kushona mapazia. Akamwambia kwa sauti ya chini, ile ambayo Mvuke aliiogopa kuliko kelele, kwamba hita ikiwa haijafungwa ukutani ifikapo Ijumaa, yeye ataenda kujifungulia kwa mama yake, na huko atakaa mpaka mtoto aanze shule.

Tumtendee haki Mvuke, tuieleze kazi yake bila kumpunguzia sifa. Alikuwa mtangaza vifo vya hita. Ukimwita kwa sababu ya koili ya kupashia maji iliyoungua, kitu cha kubadilisha kabla chai haijapoa, yeye aligonga tangi kwa bisibisi, akategesha sikio, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, kisha akasema limekufa. Alilibeba mwenyewe akalizike. Kwake lilipakwa rangi mikono miwili, likabandikwa nembo, na wiki iliyofuata marehemu alifufuka katika bafu la mtu mwingine kwa bei ya kitu kipya. Ukimtafuta baadaye, ameshapaa hewani, na ndipo alipopatia jina lake. La mwisho lilikuwa la lita themanini, lenye kitako kilichobonyea, naye alikijaza udongo ule wa kuzibia magari yaliyogongwa. Alimuuzia mama mmoja muuza vitambaa upande wa pili wa mji. Lilivuja siku ya kumi. Mvuke alilijua hilo, maana simu ililia mara arobaini kabla hajaitupa laini.

Basi alikuwa ameshaichagua ya lita thelathini, inayowatosha mke, mume na kichanga, na bahasha ameshaitoa mfukoni, aliposikia sauti nyuma yake. Mama mmoja mtu mzima, amekaa kwenye kigoda kando ya maboksi matupu yaliyorundikwa mlangoni, alikuwa akimlalamikia mwenye duka. Hita yake imeungua. Mwanawe aliye mbali amemtumia nyingine, lakini ameikosea kipimo. Yeye anaishi peke yake, na mtoto amemletea ya lita themanini, angali hajaifungua. Hakuna anayeweza kumbadilishia?

Mwenye duka alisema habadilishi asichokiuza. Mvuke alisikia neno themanini, na nia njema ikamtoka palepale kama pumzi.

“Shikamoo mama,” alisema.

“Marahaba, mwanangu.”

Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Hita, alimweleza, huchaguliwa kwa kuhesabu vichwa vya nyumba, siyo kwa ukubwa wa mapenzi ya mtoto. Lita themanini ni za watu sita. Mtu mmoja atakuwa anapasha moto maji ya watu watano ambao hawapo, na umeme hauna huruma. Halafu uzito: tangi likijaa, ukuta wa zamani utalibeba mpaka lini? Ajabu ni kwamba yote hayo yalikuwa kweli tupu, na Mvuke mwenyewe alishangaa jinsi yalivyomtoka bila jasho.

Kisha akatia chumvi yake. “Ila boksi usilifungue, mama. Tepu ya kiwandani ikikatwa tu, waranti imekufa, na mimi sitaweza kukusaidia.”

Msaada wenyewe ulikuwa huu: yeye atamletea ya lita thelathini, mpya, amfungie bure, na ile kubwa ataichukua airudishe kiwandani, ambako ana ndugu. Atapata hasara kidogo, lakini afanyeje, mama ni mama. Rohoni alikuwa ameshaona lita themanini zikining'inia kwake, na mkewe akimwita kidume mbele ya majirani.

Yule mama alimtazama kuanzia viatu hadi masharubu, kwa utulivu, kama anayesoma maandishi madogo. “Wewe ni fundi kweli?”

“Mama, mke wangu ana mimba ya miezi minane. Nitathubutuje kudanganya watu kipindi hiki?”

Hapo uso wa yule mama ulibadilika. Akauliza kama miguu ya mkewe imevimba, kama analala vizuri, kama kuna maji ya moto nyumbani. Mvuke akajibu kwamba miguu imevimba kidogo, na maji ya moto, aah, fundi hujisahau mwenyewe. “Maskini,” alisema yule mama, na ilionekana amelisema kwa dhati.

Boksi lilikuwa kwenye korido ya nyumba yake, limesimama, limezungushiwa tepu pande zote. Mvuke alilizunguka, akaligonga, akanyanyua pembe moja. Uzito ulikuwa wenyewe. Akataka libebwe siku hiyohiyo.

“Hapana,” alisema yule mama. “Mimi nilikuwa mkunga miaka arobaini. Simruhusu mzazi kutoka wodini mpaka nimwone mtoto ananyonya. Hita yako ikifanya kazi siku tatu, boksi ni lako.”

Mvuke alihesabu kwa vidole. Siku tatu zilimfikisha Ijumaa, na Ijumaa ndiyo aliyopewa. Akarudi dukani, akaifungua bahasha ya mapazia, akalipa.

Kazi aliyoifanya katika bafu lile haijapata kuonekana katika maisha yake. Mkunga alikaa mlangoni kwenye kigoda, mikono mapajani, akiuliza. Valvu ya kupunguzia presha iko wapi? Mvuke akarudi dukani. Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, umeishia wapi? Akarudi dukani. Na hii swichi, mtu akiigusa na mkono wenye maji? Akarudi tena, na mwenye duka akamuuliza kama anaumwa. Risiti na waranti viliandikwa kwa jina la mkunga, kwa sababu aliomba kwa adabu, na Mvuke hakuona ubaya, mradi apate boksi. Bomba lilipofunguliwa na maji yakatoka yakifuka, alisimama na bisibisi mkononi akayatazama. Aliona raha fulani aliyokuwa ameisahau tangu alipokuwa mwanafunzi wa ufundi. Ilimsumbua mpaka alipofika njia panda, kisha ikaisha.

Ijumaa asubuhi alikuja na mkokoteni. Hita ilikuwa haijakosea hata mara moja. Alitazama tepu za boksi, hakuna iliyoguswa. Mkunga alimsaidia kufunga kamba, akafunga fundo zuri la kitaalamu.

“Msalimie mkeo,” alisema. “Mwambie akikaa ainue miguu.”

Mvuke alisukuma mkokoteni ule mji mzima akipiga mluzi. Mkewe alikuwa mlangoni, mkono kiunoni, begi la safari nyuma yake likiwa limeshafungwa zipu. Akalitazama boksi, akasoma maandishi ya ubavuni.

“Pesa niliyokupa ni ya thelathini,” alisema. “Hii ni themanini.”

“Akili, mke wangu. Akili tu.”

Mkewe akatabasamu. Hakuwa amemtabasamulia tangu mimba ianze kuonekana, na Mvuke akaona kwamba kwa tabasamu lile angeweza kusukuma mikokoteni mingine kumi. Ndani, mbele yake, akakata tepu kwa mbwembwe, akafunua mbawa za boksi.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Rangi ya magari. Kisha likaonekana tangi la rangi ya maziwa, lililopakwa mikono miwili, na chini yake kitako chenye udongo uliopasuka. Mvuke alilijua papo hapo. Alikumbuka pia, kwa kuchelewa, maboksi matupu mlangoni pa duka, ambayo mtu angeweza kujiokotea moja, na kigoda kando yake, na kwamba fundi yeyote, mkweli kwa mwongo, lazima siku moja aje kununua tepu. Yule mama hakuwa mteja pale. Alikuwa akisubiri masharubu yake.

Kwenye bomba la kuingizia maji kulikuwa na utepe wa kitambaa, umefungwa kwa fundo lile zuri, kama unavyofungwa kwenye kifundo cha mkono wa kichanga. Mvuke aliunyakua. Mkewe, pamoja na tumbo lake, alikuwa mwepesi zaidi.

“‘Jina la baba: fundi mwenye masharubu,’” alisoma. “‘Uzito: kilo ishirini na sita. Amelelewa siku kumi na dada yangu, muuza vitambaa, akamloweshea nyumba nzima. Anarudishwa kwa baba yake, hajapona.’”

Mkewe akaugeuza utepe. Nyuma kulikuwa na maelekezo ya nyumba, kisha maneno haya, ambayo aliyasoma polepole.

“‘Mama mjamzito anakaribishwa kuoga kwangu maji ya moto, asubuhi na jioni. Baba akimlipa dada yangu, hita ya lita thelathini itahamia kwenu. Kabla ya hapo, baba asije.’”

Mkewe akakunja utepe vizuri, akautia kifuani.

“Hiyo hita ya pesa zangu iko ukutani kwake?”

“Iko.”

“Umeifunga vizuri?”

Na hapo Mvuke, kwa aibu iliyomchoma hadi masikioni, akasema kweli. “Sijawahi kufunga hita vizuri kama ile. Ina mpaka waya wa ethi.”

Mkewe akachukua taulo na sabuni. Akalirudisha begi la safari chumbani, akamwambia mumewe vyombo vioshwe na masharubu yanyolewe, kisha akaondoka, akitembea kwa ule mwendo wake wa siku hizi wa kuegemea nyuma.

Mvuke alibaki peke yake na tangi. Alikaa sakafuni mbele yake kitambo. Mwishowe akachomoa bisibisi, akaligonga, akategesha sikio, akatikisa kichwa. Safari hii lilikuwa limekufa kweli, na hapakuwa na mtu wa kumpa habari.