Jalada la Mzee Sugimori

Jumanne, 7 Novemba

Anwani nimeipata. Mzee Sugimori Reiji, mwongozaji wa filamu aliyekuwa akisanifu mwenyewe majalada ya kanda zake za video, yuko Kamakura. Sisi wakusanyaji wa kanda tungempigia magoti. Siku hizi hasaini. Anasema mkono unatetemeka. Bi Onodera wa maktaba ya filamu kamwomba mara tatu, kakataliwa kwa adabu. Mimi nimemwandikia kwamba niko mahututi, na hamu yangu ya mwisho ni saini yake kwenye kanda yake ya kwanza. Barua tamu. Nimejiliza mwenyewe.

Jumatatu, 13 Novemba

Kajibu. Atakuja mwenyewe Jumamosi. Hilo sikulitarajia. Nimemwomba dada yangu Fumie ajifanye muuguzi. Kasema ana mechi ya tenisi ya meza, nife peke yangu.

Jumamosi, 18 Novemba

Nilijipaka unga wa mchele usoni, nikajilaza. Mzee kaja na chenza. Kaja pia na Bi Onodera, ndiye aliyemwendesha. Huyu aliniona juzi nikikimbilia treni. Katabasamu tu.

Mzee kaishika kanda yangu, kanuna. "Herufi hii imeniumiza miaka arobaini. Imekaa kushoto mno." Katoa wembe, kaikata, kaibandika upya. Jalada ambalo halikuwa na mkwaruzo hata mmoja! Mtu mahututi angewezaje kupiga kelele? Kisha, kwa furaha ya kazi yake, kasahau kusaini.

Bi Onodera kaniinamia: "Kaka Tokumaru, si ulisema kanda zako zote zije maktaba kwetu?"

Sikuwahi kusema. Lakini Mzee alikuwa keshanishika mkono, machozi yanamlengalenga. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatatu, 20 Novemba

Gari la maktaba limebeba masanduku kumi na tisa, na ile kanda ikiwa juu kabisa. Bi Onodera kanitakia safari njema.

Jumatano, 22 Novemba

Rafu tupu. Nimekaa nikatafakari, na kosa langu nimeliona: mgonjwa hutembelewa. Nasikia mpiga picha wa filamu za Mzee Sugimori, Mzee Hamuro wa Niigata, ana kanda za ziada na moyo laini. Barua nimeshaianza. Safari hii nimeshakufa. Anayeandika ni mjane wangu. Kuoa sijaoa, lakini hilo ni jambo dogo.